Ayari Aliyepita Bila Kutuona: Uhakiki wa Chapa ya 1614 ya Peregrinação

UTANGULIZI

Miongoni mwa vitabu vikongwe vilivyoandikwa na Wareno waliosafiri katika Bahari ya Hindi, kimoja kinastahili kusomwa na walimu wa Kiswahili kwa makini ya pekee. Nacho ni Peregrinação, kitabu cha Fernão Mendes Pinto, kilichopigwa chapa mjini Lisbon mwaka 1614 na Pedro Crasbeeck. Jina lake lina maana mbili kwa pamoja: safari ya hija, na kutangatanga kwa mtu asiye na makao. Nakala za chapa hiyo ya kwanza ni adimu siku hizi, na zilizobaki hutunzwa katika maktaba kubwa kama hazina.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha mambo mawili. Kwanza, kwamba kitabu hiki, ingawa kilitolewa kama habari za kweli za safari, kimejengwa kwa fani ya riwaya ya ayari. Pili, kwamba msomaji wa pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, tangu mdomo wa mto Ruvuma hadi visiwa vya Kirimba, ana haki ya kukidai kitabu hiki deni. Mambo hayo mawili yanaungana katika hoja moja: sauti ya mnyonge haiingii kitabuni kwa miguu yake yenyewe. Hutiwa humo na mkono wa mtu, na mkono huo waweza kuihifadhi, kuikata, au kuipita kimya.

RIWAYA YA AYARI

Kwa neno "ayari" tunamkusudia mtu mjanja, mwenye hila, anayeishi kwa akili kwa sababu hana kingine cha kumwezesha kuishi. Fasihi ya Hispania ilimpa mtu huyo riwaya yake katika karne ya 16. Kitabu kinachohesabiwa kuwa mzazi wa aina hiyo ni Lazarillo de Tormes, ambacho mwandishi wake hajulikani, na ambacho chapa zake kongwe tulizo nazo ni za mwaka 1554. Humo mtoto maskini anasimulia kwa kinywa chake mwenyewe jinsi alivyowatumikia mabwana mbalimbali: kipofu mwombaji, kasisi bahili, mwungwana aliyejaa majivuno lakini hana hata mkate nyumbani. Kila bwana anamfundisha jambo moja juu ya unafiki wa jamii yake.

Kutokana na mfano huo twaweza kutaja sifa za riwaya ya ayari. Msimulizi ni "mimi". Asili yake ni duni na njaa ndiyo mwalimu wake wa kwanza. Hubadilisha mabwana na mahali mara kwa mara, hivyo kisa huwa mfululizo wa vituko badala ya msuko mmoja unaokazwa hadi mwisho. Na kwa kuwa anawaona wakubwa kutoka chini, jikoni na mlangoni, simulizi lake huwa kejeli hata pale anapodai kusimulia tu.

Hapa mwanafunzi atauliza: je, Abunuwasi na Sungura si maayari? Ni maayari kwa hila zao, lakini si wahusika wa riwaya ya ayari. Abunuwasi humshinda sultani, watu wakacheka, na kesho akaanza upya kama kwamba jana haikumgusa. Hakui, hazeeki, wala hasimulii maisha yake mwenyewe. Ayari wa riwaya hashindi, bali hunusurika tu, na kila kunusurika kunamwachia kovu. Tofauti hii ni ya msingi, nasi tutairudia tutakapofika darasani.

KISA CHA MENDES PINTO

Mendes Pinto alizaliwa Montemor-o-Velho, nchini Ureno, yapata mwaka 1510, katika nyumba ya kimaskini. Mlango wa kwanza wa kitabu chake ungeweza kuwa wa Lazarillo. Anatuambia kwamba mjomba wake alimpeleka Lisbon mwezi wa Desemba 1521 akatumikie katika nyumba ya bibi mmoja wa cheo. Baada ya muda likatokea jambo lililohatarisha maisha yake, naye akakimbia bila kutueleza jambo hilo lilikuwa nini. Akapanda chombo, chombo kikatekwa na maharamia wa Kifaransa, na mateka wakatupwa ufukweni uchi. Akatumikia mabwana wengine. Alipoona kwamba ujira hautoshi, akaabiri kwenda Uhindi mwaka 1537.

Miaka 21 iliyofuata ndiyo mwili wa kitabu. Katika Bahari ya Shamu alitekwa na Waturuki, akauzwa Mokha, akauzwa tena kwa mfanyabiashara wa Kiyahudi aliyemlipia kwa tende, na hatimaye akakombolewa Hormuz. Baada ya hapo twamwona Malaka, Sumatra, Siam, China na Japani: leo balozi, kesho mfungwa, keshokutwa mfanyabiashara au haramia. Mwenyewe anajumlisha kwamba alitekwa mara 13 na kuuzwa mara 17. Alirudi Lisbon Septemba 1558 akitumaini tuzo ya mfalme. Akangoja zaidi ya miaka minne bila kupata kitu, akahamia Pragal, ng'ambo ya mto, akaandika. Posho ndogo ya ngano ilimfikia mwaka 1583, naye akafariki mwaka huohuo.

Wasomaji wa Ulaya hawakumwamini. Wareno walilichezea jina lake: "Mendes" likafanywa "mentes", neno lenye maana ya "unadanganya". Sisi husema njia ya mwongo ni fupi, lakini njia ya huyu ina milango 226. Ni kweli kwamba majeshi anayoyahesabu ni makubwa mno, kwamba baadhi ya hotuba za wafalme wa Asia zimetungwa mezani, na kwamba hakuwa miongoni mwa Wareno wa kwanza kufika Japani kama anavyodai. Hata hivyo, kumpima kwa mizani ya mwanahistoria pekee ni kumwonea. Mwaka 1958 mhakiki wa Kireno António José Saraiva alitoa hoja kwamba kitabu hiki ni kejeli ya kiayari dhidi ya fikra za mabwana wa zama zile. Rebecca Catz, aliyekitafsiri chote kwa Kiingereza mwaka 1989, naye alikisoma kama kejeli. Nasi twaikubali hoja hiyo, ingawa kwa sharti tutakalolitaja.

MKONO WA MPIGA CHAPA

Kabla ya kuingia katika maudhui hatuna budi kukitazama kitabu chenyewe kama kitu kilichotengenezwa. Chapa ya 1614 ilitoka miaka 31 baada ya mwandishi kufa. Muswada ulikuwa umekabidhiwa nyumba moja ya hisani ya Lisbon iliyowatunza wanawake waliotubu. Idhini ya mahakama ya Kanisa iliyochunguza imani na vitabu ilipatikana mwaka 1603, ikapita miaka 11 mingine kabla ya kuchapwa. Francisco de Andrade, mwandishi wa tarehe za ufalme, ndiye aliyepewa kazi ya kuupanga muswada. Muswada wa mkono wa mwandishi umepotea. Kwa hiyo hakuna awezaye kuweka maneno ya Mendes Pinto upande huu na maneno ya waliomchapa upande ule, akalinganisha.

Lakini alama za mkono zipo. Mwaka 1554 Mendes Pinto alijiunga na shirika la Wajesuiti, kisha akatoka. Barua za wakati ule zathibitisha jambo hilo. Katika kitabu chake hatukuti hata neno moja juu yake, ijapokuwa Francis Xavier anasifiwa kwa kurasa nyingi. Je, ni mwandishi aliyenyamaza, au ni mkono mwingine uliofuta? Vyovyote iwavyo, pengo limo ndani ya chapa yenyewe, na msomaji mwangalifu hupaswa kulisoma pengo kama anavyosoma maneno.

Tafsiri nazo zimeacha alama zao. Ya Kihispania ilitoka 1620, ya Kifaransa 1628, na ya Kiingereza, iliyofanywa na Henry Cogan kwa kufupisha, mwaka 1653. Katika chapa hiyo ya Kiingereza mtu aliyeuzwa mara 17 ameuzwa mara 16. Tofauti ya moja ni ndogo kwa mhasibu. Lakini yeyote atakayefikiri maana ya kuuzwa mara moja tu ataelewa kwa nini mwalimu wa fasihi hapaswi kuridhika na chapa yoyote iliyomwangukia mkononi.

MAUDHUI

Dhamira kuu ya kitabu ni unafiki wa wanaotangaza dini huku mikono yao imo katika mali ya watu. Mhusika anayeibeba dhamira hiyo ni António de Faria, mwungwana aliye pia haramia, ambaye msimulizi anamfuata na kumsifu. Sifa hizo ndizo mtego. Faria huomba Mungu kabla ya kupora na hushukuru baada ya kupora. Katika tukio moja Wareno wanateka chombo chenye mtoto wa Kichina, na mtoto huyo anawaambia wazi kwamba amewaona wakimsifu Mungu baada ya kushiba, kana kwamba kutikisa midomo kunatosha kufuta wizi. Katika tukio jingine wanavamia kisiwa cha makaburi ya wafalme wa China ili waibe fedha, na mzee mtawa anayelinda mahali hapo anawaonya kwa utulivu unaowaaibisha kuliko upanga.

Fani yatumikia maudhui kwa ufundi. Msimulizi hahukumu. Anajiweka miongoni mwa waporaji, anasema "sisi", kisha anampa mtoto au mzee nafasi ya kusema ukweli ambao yeye mwenyewe asingethubutu kuutamka mbele ya mahakama ya Kanisa. Hii ndiyo hila kuu ya ayari, na kwa hila hiyo kitabu kilipita mikononi mwa wachunguzi.

Sharti letu ni hili. Tusimgeuze ayari kuwa mtetezi wa wanyonge. Mendes Pinto aliyeuzwa Mokha alishiriki baadaye katika safari ambazo watu walitekwa na kuuzwa, na masimulizi yake yanapita juu ya hayo kwa wepesi. Maumivu ya utumwa anayaeleza kwa urefu pale mtumwa anapokuwa ni yeye. Kejeli yake ni ya kweli, lakini ina mipaka, na mpaka wake mmoja unaigusa pwani yetu.

KIMYA CHA PWANI

Mwaka 1537 meli zake zilitia nanga Kisiwa cha Msumbiji, kisha zikaelekea Diu. Chombo kinachotoka kisiwani humo kwenda Uhindi huiacha pwani ya Cabo Delgado mkono wa kushoto. Katika kitabu chenye milango 226, ambamo Mchina, Mjapani, Mmalai na Mhabeshi wote wamepewa kinywa, Msumbiji ni kituo cha meli tu. Amri inapokewa, safari inaendelea, na hakuna mwenyeji anayesikika akisema neno.

Kimya hicho hakikutokana na upungufu wa habari. Visiwa vya Kirimba vilijulikana kwa vitambaa vilivyofumwa na kutiwa nili, na wakazi wake walifanya biashara na Kilwa na miji mingine ya Waswahili. Mwanzoni mwa miaka ya 1520, miaka isiyozidi 17 kabla ya Mendes Pinto kupita, Wareno walikuwa wameuvamia mji wa Kirimba na kuuchoma. Yaani lile tendo ambalo kitabu kinalikejeli huko China lilikuwa limekwisha kutendwa hapa, na watu walioliona kwa macho walikuwa hai. Ayari alipita karibu na ushahidi huo asiuone, au aliuona asiuandike.

Wamwani, ambao lugha yao ni jirani wa karibu sana wa Kiswahili, hawakuwa watu wasio na kalamu. Katika Hifadhi ya Historia ya Msumbiji, mjini Maputo, zimo barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu na watawala na mashehe wa kaskazini katika karne ya 19, wakiwaandikia maofisa wa Kireno. Ndani yake mna malalamiko, ahadi, udhuru na hila za maneno za mtu anayezungumza na mwenye bunduki. Hizo si riwaya. Lakini aliyezisoma kwa jicho la fasihi atatambua sauti ileile ya anayeishi kwa akili kwa sababu nguvu zimo mikononi mwa mwingine.

Historia iliyofuata iliendelea kuzaa maayari wasioandikwa. Wareno waliitwaa Tungi, upande wa Palma, mwaka 1887. Kampuni ya Niassa ilipewa hati ya kutawala mwaka 1891, ikatawala hadi 1929 kwa kodi ya kibanda na kazi ya shuruti, na watu wengi wakavuka Ruvuma kukimbilia Tanganyika. Mtu anayevuka mto usiku kukimbia kodi, akafanya kibarua katika shamba la mkonge na kubadilisha bwana kila msimu, maisha yake yana sifa zote tulizozitaja, ila moja: hakuna aliyeyapiga chapa kwa nafsi ya "mimi".

MFANO WA SELIM BIN ABAKARI

Kwamba jambo hilo liliwezekana kwa Kiswahili, ushahidi upo. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha mjini Göttingen kitabu Safari za Wasuaheli, ambacho nacho sasa ni chapa adimu. Humo Selim bin Abakari, mzaliwa wa Komoro, anasimulia safari yake ya mwaka 1896 hadi Urusi na Siberia akiwa mtumishi wa Mjerumani. Si riwaya, na Selim si laghai. Lakini msimamo wa msimulizi ni ule ule: mtumishi anayemtazama bwana na nchi za mabwana, akipima kila kitu kwa kipimo cha kwao.

Hapa pia pana mkono. Velten ndiye aliyewaomba Waswahili hao waandike, na ndiye aliyechagua na kuchapa, kwa ajili ya wanafunzi wa Kiswahili mjini Berlin. Tunamshukuru kwa kuhifadhi, nasi papo hapo twauliza ni nini ambacho mtumishi asingeweza kumwandikia mwalimu aliyekuwa mkalimani wa serikali ya kikoloni. Shukrani na swali havipingani. Uhakiki wenye manufaa huviweka pamoja.

MATUMIZI DARASANI

Mwalimu aweza kupata faida gani katika kitabu cha Kireno cha zaidi ya miaka 400? Twapendekeza mambo matatu.

La kwanza ni kufundisha nafsi ya msimulizi. Wanafunzi wachukue kisa kimoja cha Abunuwasi wanachokijua, wakisimulie upya kwa "mimi", na kumfanya Abunuwasi akumbuke jana. Wataona wenyewe kwamba kicheko kinapungua na mtu anaanza kuonekana. Hapo watakuwa wameelewa tofauti ya hekaya na riwaya ya ayari kuliko kwa kukariri maana.

La pili ni kuwazoesha kuuliza habari za chapa. Kila kitabu tunachofundisha, cha kale au cha sasa, kina mwaka, mpiga chapa na mhariri. Nani alikikabidhi? Nani alikipunguza? Nakala za Peregrinação ya 1614 zimo katika Maktaba ya Taifa ya Ureno, na picha za kurasa zake zaweza kutazamwa kwenye mtandao, hata na mwanafunzi asiyejua Kireno. Kuona ukurasa wa karne ya 17 kwa macho ni somo tosha kwamba kitabu ni kazi ya mikono mingi.

La tatu ndilo zito. Tangu tarehe 5 Oktoba 2017, Mocímboa da Praia iliposhambuliwa, pwani hii imo vitani. Mji huo ulitekwa Agosti 2020 ukakombolewa Agosti 2021, na Palma ilishambuliwa Machi 2021. Mamia ya maelfu ya watu walihama makwao, wengine kwa mashua, wengine kwa miguu. Miongoni mwao wamo vijana ambao wameishi kwa mwaka mmoja yale ambayo Lazarillo aliishi katika kitabu kizima: njaa, mabwana wengi, na hila ya kupita kizuizini. Nyumba ikichomwa karatasi hazikawii kuteketea, na mzee akifia ugenini huondoka na aliyoyajua.

Mwalimu mwenye wanafunzi wa aina hiyo asiwalazimishe kusimulia. Maumivu si zoezi la insha. Lakini anayetaka kusimulia apewe daftari, aandike kwa Kiswahili au kwa Kimwani, kwa herufi azijuazo, na mwalimu awe mkono usiofuta. Asahihishe tahajia inapoombwa, na asisahihishe ukweli. Aandike tarehe na mahali, na jina la msimulizi litajwe kwa ridhaa yake tu, kwani wengine usalama wao umo katika kutojulikana. Mwandishi wa Lazarillo naye hakutaja jina, na hakukosea: kitabu chake kilipigwa marufuku na mahakama ya Kanisa mwaka 1559. Nakala moja ya chapa ya Medina del Campo ilikaa ndani ya ukuta wa nyumba huko Barcarrota, Hispania, hadi ilipogunduliwa mwaka 1992 nyumba ilipokuwa ikitengenezwa.

HITIMISHO

Peregrinação ni kitabu kikubwa chenye kasoro kubwa. Kinachosha kwa urefu, kinatia chumvi katika hesabu, na kinanyamaza pale ambapo pwani ya Msumbiji ingekuwa na la kusema. Lakini kwa kejeli yake, na kwa ujasiri wa kuiweka hukumu ya wenye nguvu katika kinywa cha mtoto mateka, kinastahili nafasi katika maktaba za walimu wetu na, inshallah, tafsiri nzuri ya Kiswahili.

Mendes Pinto alisema kwamba aliwaachia wanawe maandishi yake yawe kitabu cha alifu cha kujifunzia kusoma kupitia taabu zake. Nasi watu wa Kiswahili tunaweza kuusoma urithi huo. Tukimaliza kuusoma, tubakiwe na kazi iliyo yetu: kuhakikisha kwamba taabu za wale aliowapita bila kuwaona nazo zinapata karatasi, wino, na msomaji wa kuzijadili.